Ulezi wa Mwaka 536

Mwalimu Anyitike alikuwa na mwaka mmoja alioupenda kuliko hata mwaka aliozaliwa. Wenzake shuleni walikuwa na Simba na Yanga, yeye alikuwa na mwaka 536. Aliukuta katika kitabu chakavu kwenye meza ya mitumba pale Mwanjelwa, Mbeya, enzi za chuo, na tangu siku hiyo akawa anauhamisha kila anapohamishwa yeye. Alipopangiwa kufundisha historia katika sekondari ya kata huku juu Ufipani, mwendo wa saa moja na nusu kwa pikipiki kutoka Sumbawanga mjini, alikuja na godoro, jiko la gesi na mwaka wake.

Mwaka wenyewe haumo kwenye muhtasari wa somo na hautoki kwenye mtihani wowote. Mkuu wa shule alishamwambia mara mbili awafundishe watoto vita vya Majimaji, aachane na mambo ya Warumi. Anyitike aliitikia vizuri, akaingia darasani, akafuta ubao na kuandika 536.

Na kweli ulikuwa mwaka wa kutisha. Mlima wa moto ulilipuka mahali fulani, pengine kaskazini kwenye nchi za barafu, wataalamu bado wanabishana, na vumbi lake likafunika anga la nusu ya dunia. Kwa mwaka mzima na zaidi jua liliwaka bila ukali, kama mwezi. Mwandishi mmoja aliyefuatana na jeshi la Konstantinopoli aliliona hivyo na kuandika. Afisa mmoja wa Italia alieleza jinsi watu walivyostaajabu kukosa kivuli saa sita mchana. Uchina theluji ilianguka katikati ya kiangazi na mazao yakafa. Mwisho wa mwaka jeshi lile likaingia Roma, maana wakubwa hawaachi vita vyao kwa sababu ya njaa ya wengine. Na kule Ireland kulikuwa na watawa waliozoea kuandika mwaka mzima kwa mstari mmoja au miwili. Wao waliandika kwamba mkate ulikosekana, basi. Anyitike aliupenda sana mstari huo. Aliwaambia wanafunzi wake kwamba huyo ndiye mwanahistoria, mtu asiyetia chumvi.

Yeye mwenyewe alitia, na hapo ndipo msiba wetu ulipoanzia.

Alikuwa amepanga vyumba viwili katika uwanja wa Mzee Adolfu, mkulima wa mahindi, maharage na ulezi, mtu wa maneno machache na misa ya kila Jumapili. Mkewe, Monika, alikuwa amefariki miaka mitatu nyuma. Nyumba ilikuwa kimya, na mzee alimpenda mpangaji wake kwa sababu alikuwa anaongea.

Katikati ya uwanja ule kulikuwa na kihenge cha ulezi. Ulezi, kama mnavyojua, si mahindi. Mahindi yakikaa mwaka mmoja fukusi wanafanya harusi ndani yake, lakini ulezi ukikaushwa vizuri unalala miaka kumi na kuamka vilevile. Kwa hiyo katika ukoo wa Mzee Adolfu kihenge kikishajaa kilizibwa mlango kwa udongo uliochanganywa na mavi ya ng'ombe, na kabla udongo haujakauka mume na mke waligandamiza viganja vyao pale mlangoni, kimoja cha kulia na kimoja cha kushoto. Baada ya hapo mmoja hakuweza kufungua bila mwenzake kujua. Ulezi ule haukuwa wa kula ovyo. Ulikuwa wa mwaka mbaya, wa harusi, au wa matanga.

Kihenge hiki Monika alikiziba mwenyewe mwezi mmoja kabla ya kufa. Kiganja chake kilikuwa bado pale, chembamba, kidole cha shahada kimepinda kidogo kwa sababu aliwahi kujikata na mundu. Mzee Adolfu alipopita jioni kutoka shamba alikigusa, halafu akaingia ndani. Anyitike aliliona hilo mara nyingi na hakulifikiria.

Mwaka huo malori yalikuja kununua mahindi. Ng'ambo ya mpaka, huko Zambia, ukame ulikuwa umeunguza mashamba, na bei ya gunia ilipanda mpaka watu wakaanza kuota wamesimama. Malori yalipakia kijijini na kwenda zake kuvukia mpakani Kasesya. Watu wakanunua bati, wakanunua pikipiki, wakauza hata gunia la mwisho kwa matumaini kwamba mvua ya mwezi wa kumi na moja haitakawia. Mzee Adolfu naye aliuza, akabakiza magunia mawili tu ya kumfikisha kwenye mahindi mabichi. Hakuwa na wasiwasi, kihenge kilikuwepo.

Mwezi wa kumi nyika iliungua kama kila mwaka, lakini moshi wa safari hiyo ulikataa kuondoka. Saa tisa alasiri jua lilikuwa jekundu na uliweza kulitazama bila kupepesa. Jumapili moja Mzee Adolfu alikuwa amekaa barazani, akasimama, akautazama uwanja wake.

"Mwalimu," alisema, "mbona sina kivuli?"

Mwalimu gani wa historia angeinyamazia nafasi hiyo? Anyitike alivuta kigoda, akamweleza mwaka 536 kuanzia mlima wa moto hadi Roma. Alieleza vizuri, kuliko alivyowahi kueleza darasani, maana safari hii alikuwa na jua lenyewe la kuonyeshea kwa kidole. Mzee alisikiliza bila kumkatiza.

"Lilijificha muda gani?"

"Mwaka na zaidi, mzee. Kuna wanaosema miezi kumi na minane kamili."

"Na wale waliopona walifanyaje?"

Kitabu hakikusema. Jibu la haki lilikuwa sijui, na Anyitike hakulitoa, kwa sababu alikuwa amesimulia vizuri na alitaka simulizi iishe vizuri. Macho yake yakatua kwenye kihenge. Maneno yakaja yenyewe, laini, kana kwamba aliyasoma mahali.

"Kulikuwa na kijiji kimoja Uchina, mzee. Walikuwa na ghala la nafaka kama ulezi huu. Wakaliziba, wakaapa kutolifungua mpaka jua lirudi. Ndugu walikuja kuomba, watoto walilia, hawakufungua. Kijiji cha jirani kilikuwa na huruma, kikafungua mwezi wa nne, kikagawa. Hicho kilikwisha chote."

"Na walioziba walipona wangapi?"

"Wote."

"Wote," alirudia Mzee Adolfu, akakaa.

Lingeishia hapo barazani, lakini mzee alimsimulia katekista Wilibrodi, na Wilibrodi, ambaye kila wiki alihangaika kutafuta neno la kuwaambia watu baada ya ibada, akamwomba mwalimu asimame mbele ya waumini. Anyitike alisimama. Mara hii kijiji cha Uchina kilipata mto upande wa mashariki, na mzee mwenye ndevu aliyeshika ufunguo. Watu waliguna. Akina mama walishika mashavu. Alitoka kanisani akisalimiwa na watu ambao hawakuwahi kumsalimia, na kwa siku kadhaa alijisikia mrefu. Kutunga kwenyewe hakukumsumbua hata kidogo. Alijiambia kwamba ni mfano tu, na mifano iko hata kwenye Injili.

Mwezi wa kumi na mbili shule zilifungwa, akaenda zake kwao Tukuyu, kwenye ndizi na maziwa ya mama yake. Aliporudi wiki ya pili ya Januari alikuta kijiji kingine. Mvua ilikuwa imechelewa mpaka karibu na Krismasi, na ilipokuja ilikuja na mawingu mazito yaliyokaa juu ya kijiji wiki tatu bila kupisha jua. Mahindi shambani yalikuwa ya magotini na ya manjano. Nyumba zilikuwa na bati jipya linalong'aa na ndani hakuna unga. Watu walichemsha majani ya maboga na kunywa chai bila sukari, na walikuwa na aibu kuulizana walikula nini, kwa sababu kila mmoja alimwona mwenzake akipakia lori.

Uwanjani kwa Mzee Adolfu kulikuwa na mgeni. Hellena, binti yake, alikuwa ameolewa chini bondeni, upande wa Mtowisa, kwa mfugaji wa Kisukuma, ndoa ambayo mzee aliimeza bila kuitafuna. Maji yalikuwa yamechukua mpunga wao. Mume alikuwa ameondoka na ng'ombe kutafuta malisho na simu yake haikupatikana tena. Hellena alipanda mlima siku mbili, sehemu kwa lori na sehemu kwa miguu, akiwa amembeba Minza mgongoni. Minza alikuwa na miaka minne.

Mtoto hakuwa analia. Anyitike aliliona hilo kabla ya kuona nywele zake, zilizogeuka nyekundu na laini, na miguu iliyovimba ikang'aa. Alikaa siku nzima ameegemea kihenge. Alikuwa amegundua kiganja cha bibi yake pale mlangoni, akawa anaweka mkono wake mdogo ndani yake, anautoa, anauweka tena. Mzee alipopita mtoto alimwita guku, babu kwa Kisukuma, na mzee, ambaye angemkaripia mtu mwingine yeyote, aliinama akamshika kichwa.

Hellena alimngoja mwalimu afungue mlango wake na kutua begi.

"Mwalimu, pole na safari."

"Asante, Mama Minza. Poleni nyie na hali."

"Nimempeleka mtoto zahanati. Nesi Happyness amesema dawa yake ni chakula. Kasema uji wa ulezi, kidogo kidogo, kila baada ya muda. Ugali wa mahindi hauwezi, anautapika. Nikamwambia ulezi upo nyumbani, umejaa kihenge. Akashangaa, akauliza sasa shida yangu ni nini." Akafuta pua kwa ncha ya kitenge. "Baba hataki kufungua. Anasema wewe ndiye uliyemfundisha."

Anyitike alikitazama kihenge.

"Mimi?"

"Kijiji cha Uchina. Anasema hii ni miezi mitatu tu tangu jua liugue, bado kumi na mitano. Anasema akifungua leo tutakufa sote mwakani. Mwalimu, wewe ukimwambia atasikia. Hakuna mwingine anayemsikiliza."

Alimkuta mzee nyuma ya nyumba akitia mpini kwenye jembe. Alikuwa amekonda. Mkanda wa suruali yake ulikuwa na tundu jipya lililotobolewa kwa msumari, na baadaye Hellena alisema kwamba mzee alikula mara moja kwa siku ili sehemu yake iende kwa mtoto. Hilo naomba lisisahaulike. Mzee Adolfu hakuwa katili. Alikuwa mtu anayejaribu kuokoa ukoo mzima kwa maarifa aliyopewa na mtu aliyesoma.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, Mwalimu. Umerudi. Unaliona jua lako?"

"Mzee, haya ni mawingu ya mvua."

"Mwezi wa kumi ulikuwa moshi, sasa ni mawingu. Kivuli sina bado."

Anyitike alikohoa. "Mzee, ile historia... vitabu vinatofautiana kidogo. Si lazima ichukuliwe hivyo hivyo."

"Ulisema walioziba walipona wote."

"Nilisema."

"Na waliofungua?"

"Mzee, huyu ni mtoto mmoja. Kibaba kimoja kwa siku. Hakitapunguza kitu."

Mzee Adolfu aliliweka jembe chini. "Kihenge hakifunguliwi kwa kibaba kimoja. Kikishafunguliwa kila mtu anajua. Kesho atakuja mdogo wangu na watoto wake sita, keshokutwa watakuja wa upande wa Monika. Nimwambie nani hapana? Wale wa Uchina walijua hilo. Ndiyo maana hawakuanza." Akatazama pembeni. "Na mkono wa Monika uko pale. Ningefungua mimi peke yangu, ningemwambia nini?"

Maneno yaliyotakiwa yalikuwa machache. "Niliyatunga mwenyewe, mzee." Yalikuwa yamefika kwenye ulimi, Anyitike aliyahisi pale, machungu. Angeyasema, mzee angekasirika, pengine angemfukuza nyumbani, kijiji kizima kingejua kwamba mwalimu wa historia alisimama kanisani akadanganya. Na alikuwa karibu kuyasema, hilo nalo ni kweli. Ndipo katekista Wilibrodi akatokea kwenye kona ya nyumba na mwavuli wake uliovunjika bawa.

"Tumsifu Yesu Kristo. Mwalimu, afadhali umerudi. Jumapili tunakungoja, watu wanaitaka ile habari ya jua. Imewatia nguvu sana. Wengi waliobakiza chochote wamekiziba."

Anyitike akayameza.

Alifanya kile ambacho watu wa namna yake hufanya. Alituma pikipiki dukani, akanunua unga wa sembe kilo tano, sukari na mayai manne, akampa Hellena kwa mikono miwili. Dukani hapakuwa na ulezi, na alijiambia kwamba Jumamosi atashuka Sumbawanga mwenyewe akautafute sokoni. Hellena alipokea, akashukuru, akamtazama kwa muda mrefu kidogo kuliko shukrani inavyohitaji. Ilikuwa Jumatatu. Jumanne Minza alikunywa maji ya sukari vijiko vitatu na kushika yai bila kulila. Jumatano hakwenda kwenye kihenge. Nesi Happyness alikuja nyumbani, akamfunua blanketi, akaandika karatasi ya kumpeleka hospitali mjini. Mvua ilikuwa imekata barabara kwenye kijito cha pili, pikipiki ikazama hadi kwenye injini, wakarudi zahanati kwa miguu wakiwa wametapakaa tope mpaka vifuani. Usiku mvua haikukatika. Minza alifariki Alhamisi saa nne asubuhi kwenye kitanda cha zahanati, mkono wake ndani ya mkono wa mama yake.

Walimzika siku iliyofuata, haraka, kaburi likijaa maji. Hapakuwa na wasifu uliosomwa. Jumapili hiyo Anyitike alimwambia Wilibrodi kwamba anaumwa, na kwa mara ya kwanza tangu mwezi wa kumi hakudanganya.

Baada ya wiki mbili mawingu yalipasuka. Jua lilitoka likiwa kali, la kawaida, jua la Februari la Ufipa, na kila mtu akawa na kivuli chake miguuni. Mahindi yakanyanyuka. Maboga yakaanza kuliwa, kisha maharage mabichi. Haukuwa mwaka wa njaa kuu. Ulikuwa mwaka mbaya wa kawaida, kama ambayo kijiji kile kimepitia mingi, na ungepita bila mtu kuukumbuka.

Siku kumi na mbili kabla ya arobaini Anyitike alirudi kutoka kipindi cha mwisho akasikia jembe likigonga udongo mkavu. Mzee Adolfu alikuwa amepiga magoti mbele ya kihenge. Alikuwa akikata kuzunguka kiganja cha Monika, taratibu, akitaka kukitoa kizima. Kilivunjika katikati vilevile. Alivitazama vipande viwili, akaviweka juu ya kitambaa, halafu akaingiza mkono mlangoni. Ulezi ukamiminika kwenye ungo, mwekundu, mkavu, unateleza kama jana ndiyo uliingizwa.

"Kwa ajili ya matanga," alisema bila kugeuka. "Ukoo unakuja. Siwezi kuwapa chai."

Anyitike alisimama na madaftari yake kifuani. "Mzee, na lile jua?"

"Limerudi, Mwalimu. Si unaliona."

Wanawake waliloweka ulezi ule mpaka ukaota, wakauanika, wakausaga, wakaupika pombe. Uwanja mzima ulinuka kimea. Hellena alifanya kazi na wenzake. Siku moja Wilibrodi akamjia Anyitike shuleni. Mtoto alizikwa bila wasifu, alisema, si vizuri, na baada ya misa ya arobaini mtu mwenye elimu angesoma maneno machache. Nani mwingine kama si mwalimu?

Aliandika kurasa nne. Aliandika kuhusu malaika, kuhusu ua lililokatwa asubuhi, kuhusu mapenzi ya Mungu, akazisoma, akaona haya mwenyewe peke yake chumbani. Akachana. Alikaa na karatasi tupu mpaka chai yake ikapoa. Halafu akawakumbuka wale watawa wa Ireland, waliotazama mwaka mzima wa maafa wakaandika kilichotokea, wakaweka kalamu chini.

Siku ya arobaini uwanja ulijaa. Wazee walikaa kwenye duara kuzunguka mtungi wa kimpumu, ile pombe ya ulezi inayonywewa kwa mirija huku ikiongezwa maji ya moto, mrija mmoja kwa kila mtu mzima anayeheshimiwa. Kihenge kilikuwa nyuma yao, mlango wazi. Wilibrodi aliomba kimya, akamwita mwalimu. Anyitike alisimama na karatasi moja.

"Mwaka jana malori yalikuja," alisoma, "tukauza mahindi. Mvua ilichelewa. Mwezi wa kwanza mwaka huu, siku ya Alhamisi, Minza binti Hellena alifariki akiwa na miaka minne. Alikufa kwa njaa. Chakula kilikuwepo. Kilikuwa hatua kumi na mbili kutoka mahali alipokuwa akilala, nimezihesabu. Hakikufunguliwa kwa sababu ya habari niliyoisimulia mimi, Anyitike, hapa barazani na kanisani, ya kijiji kilichoziba ghala kikapona. Habari hiyo haimo katika kitabu chochote. Niliitunga. Hellena aliponiomba niseme ukweli, mtoto akiwa bado hai, nilinunua sembe."

Karatasi iliishia hapo. Hakuna aliyeguna, hakuna mama aliyeshika shavu. Wilibrodi alitazama viatu vyake. Mwanamume mmoja upande wa pili alianza kunyanyuka, mwenzake akamshika bega akamrudisha chini.

Mzee Adolfu alikuwa na mrija mdomoni. Aliutoa, akaufuta kwa kidole gumba.

"Kile kijiji cha Uchina," alisema polepole, "hakikuwepo?"

"Hakikuwepo, mzee."

"Na wale waliofungua, wakafa?"

"Nao hawakuwepo. Kitabu hakisemi waliopona walifanyaje. Nilipaswa kukwambia sijui."

Mzee aliinamisha kichwa. Watu walidhani anasali. Aliponyanyua uso alikuwa analia waziwazi, bila sauti, mtu mzima mbele ya ukoo wake. "Niliushika mkono wa mke wangu nikauacha wa mjukuu wangu," alisema. "Ulinipa sababu, Mwalimu. Lakini mlango ulikuwa wangu." Akasogea kwenye mkeka, akaacha nafasi kando yake, na Anyitike hakuelewa kwamba nafasi hiyo ni yake mpaka Hellena alipomwonyesha kwa kichwa.

Alikaa. Magoti yake yaligusa ya mzee. Hellena alikuja na birika, akamimina maji ya moto kwenye mtungi, povu likapanda jekundu na harufu ya ulezi ikajaa puani. Akachomeka mrija mpya, akaushika mpaka mwalimu akaupokea.

"Kunywa, Mwalimu," alisema. "Huu ndio ulikuwa uji wake."

Watu wote walikuwa wanamtazama. Anyitike aliweka mrija mdomoni akavuta. Ulezi ulikuwa mzuri, haukuwa umeingiwa hata na mdudu mmoja.